Moshi Mweupe Ulionukia Sukari

Juzi nikinunua sukuma hapa soko la Kongo, Kawangware, vani moja kuukuu iliwashwa karibu nami ikatoa moshi mweupe wenye harufu tamu, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Nikasimama nikiuvuta. Kijana wa mboga, anayeniita shosh kama nyanyake, akauliza, "Shosh, uko sawa kweli?" Nikamwambia namsalimia babangu.

Babangu alikuwa fundi wa magari, Mkamba wa Kitui. Watu walimwita Fundi Pua, maana aliinama nyuma ya gari, akavuta moshi kwa kelele kama mtu anayekunywa chai moto, ndipo akataja ugonjwa. Mimi alinipa jina la mamake, kwa hivyo aliniita Mama. Kila alipomaliza kunusa aliniita: "Njoo, Mama. Wewe wasemaje?" Nilidhani ananifundisha. Shule ilinishinda darasa la tatu, kuna mwalimu alikuwa na kofi zito, lakini hayo tuyaache. Moshi niliusoma. Mweusi ni mlafi, Baba alisema, gari linakula petroli kupita kazi yake. Wa bluu ni mlevi wa oili. Mweupe wenye utamu ndio wa kuogopa, huo ni wa gari linalolia ndani kwa ndani: yale maji ya kijani ya rejeta, yanayopoza injini, yamevujia ndani yake.

Asubuhi moja ya Julai jirani yetu, Mzee Shikuku, alikuja na vani yake ikiwa na jeneza la mamake na jamaa tisa, safari ya Vihiga.

"Fundi, maji ya rejeta yanapungua na chini sioni hata tone. Angalia haraka. Kaburi limeshachimbwa, na kwetu kaburi halilali wazi."

Baridi ya siku hiyo ilifanya kila kitu kitoe moshi, hata midomo yetu. Baba aliinama, akavuta kwa kelele, akaniita. Nikanusa. Ilikuwa sukari tupu, hata kuku angejua. Lakini shangazi yake Shikuku alitoa kichwa dirishani, akanitania: "Haya daktari, tuambie, tutazika leo ama tutazika Krismasi?" Wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Nikaona aibu, nikaogopa kuwa mtoto aliyezuia maiti.

"Hakuna kitu, Baba. Ni baridi tu."

Na Baba, aliyekuwa ametoka kunusa mwenyewe, akasema, "Nendeni salama."

Nilishangaa. Vani ikaanza kwenda. Nikamfikiria yule nyanya ndani ya sanduku, amekwama kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, injini imekufa. Nikakimbia nikipiga ubavu wa gari: "Ni tamu! Baba, ni tamu!"

Baba hakuniuliza mara ya pili. Alikimbia mbele ya gari, akasimama mikono wazi kama golikipa. Akafungua kifuniko cha rejeta, akamwambia Shikuku akanyage mafuta. Maji yalikuwa bado baridi, lakini mapovu yakapanda kama chai inayochemka. Gasketi, ile pedi inayozuia maji yasiingie ndani ya injini, ilikuwa imeungua. Shikuku alishika kichwa, kisha akashika mkono wangu. Jeneza likahamishiwa lori la mtu wa ndizi aliyekuwa akirudi magharibi, na mamake akazikwa siku hiyo hiyo, jua likizama.

Nilingoja kiboko. Baba aliniketisha juu ya tairi, akasema polepole, "Mama, ukinidanganya wewe, mimi nimekwisha." Nikadhani ni maneno ya mtu aliyekasirika.

Miaka mingi baadaye, mamangu akiwa ameshafariki, Baba alihamia kwangu Riruta. Siku moja nilitoka sokoni nikakuta maziwa yameungulia jikoni, nyumba nzima inanuka, naye ameketi hapo hapo, kalipa jiko mgongo, akichambua maharagwe kwa amani.

"Baba, kwani husikii harufu?"

Akacheka kidogo. "Sijasikia tangu kabla hujazaliwa, Mama. Petroli iliila hii pua yote. Nani angeleta gari kwa fundi asiyenusa?"

Nikakumbuka githeri zote za mamangu zilizoungua, ambazo yeye alizisifu. Nikakumbuka "Nendeni salama." Nikaketi sakafuni nikachambua maharagwe naye.

Kutoka siku hiyo mpaka tukamzika, kila mlo aliniangalia kwanza kabla hajaonja, nami nikamwambia: hii imeungua kidogo, Baba; hii iko sawa.