Kidole Kimoja Kutoka Vienna Hadi Madrid

Jamani, naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa mambo yalikwisha salama acha niwahadithie na nyinyi mcheke. Siku hiyo mimi na mama tulitoka Ibra kwenda Nizwa, huku huku kwetu Omani, kumposea mdogo wangu Nasser, mhandisi huko Madrid, na kwa kuwa baba yetu hayupo tena duniani, msemaji nikawa mimi (mimi ambaye safari yangu ndefu kabisa ya ndege ni Maskati na Salala!).

Tukapokewa kwa bashasha, mama akaingia ndani kwa wanawake, mimi nikakaa na Mzee Suleiman, babake Zuwena, msichana tuliyemwendea, halwa na kahawa mbele yetu, maneno yanakwenda vizuri, mpaka mzee akauliza: "Zuwena huko Ulaya hana ndugu wa damu ila kakake Khalfan, naye yuko Vienna. Baina ya Vienna na Madrid pana masafa gani, mwanangu?"

Sasa ningesema sijui ningepungukiwa nini? Lakini nikajiona msemaji wa posa hawezi kukosa jibu, nikatoa simu, nikafungua ramani, nikapima: kidole kimoja. Nikaisogeza mpaka kwetu (nikaikuza kidogo, majina yaonekane), nikapima Ibra na Nizwa: kidole kimoja vilevile. Nikasema kwa sauti, "Ammi, usiwe na wasiwasi, ni kama hapa na Ibra tu, ndege ikipaa inateremka!"

Mzee akafurahi mno. "Alhamdulillahi! Basi nikenda kwa Khalfan nitakodi gari, nile chakula cha mchana kwa Zuwena, nirudi Vienna kulala."

Nami, badala ya kunyamaza, nikaongeza, "Na magharibi utaiwahi, inshallah." Hapo hapo akampigia mwanawe kumpa habari njema, akaweka spika ili na mimi nisikie.

Khalfan alicheka mpaka akakohoa. "Baba, kwa gari ni siku mbili njiani! Ndege yenyewe karibu saa tatu. Nani kakwambia hayo?"

Mzee akanitazama. Jasho likanitoka na kiyoyozi kinapiga, nikajua nimeivunja posa ya mdogo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na huko ndani namsikia mama anacheka na mamake Zuwena kama wameshakuwa wakwe, maskini, hajui mwanawe kafanya nini.

Mzee akaisogeza simu karibu. "Khalfan, mimi nilikuwa nataka kujua jambo moja tu. Dada yako akiumwa huko, akalia, nani atamfikia?"

Kicheko kikakoma. "Mimi, baba. Iwe saa tatu, iwe siku mbili, akiniita nakwenda."

Mzee akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Basi nimeridhika," akasema, kisha akanigeukia. "Na wewe kunywa kahawa yako, inapoa. Arusi ipo. Ila wageni wakitaka kuelekezwa njia, mwache mwengine awaelekeze."

Nilishusha pumzi hiyo, nikahisi hata kanzu imenipwaya. Siku hizi mtu akiniuliza umbali wa popote, hata wa msikiti ulio nyuma ya nyumba yangu, namwambia sijui, na wala sioni haya. Zuwena yuko Madrid na mumewe, na Khalfan keshakwenda kumtazama, tena bila kuitwa.