Chatu Aliyekoroma Kwenye Maranda

Chatu wa marehemu Raphaeli alianza kukoroma kama mtu.

Siyo utani. Mdomo wazi, kichwa juu, mapovu puani. Mpangaji wa chumba cha pili alisikia, akahama siku hiyo hiyo.

Hii ilikuwa Tunduma, mwezi wa saba 2009, baridi ya kukata masikio. Raphaeli alikuwa Msukuma aliyehamia mpakani na ngoma yake ya nyoka. Alipofariki, chatu wake, jina lake Kabula, akabaki kwa binti yake, Marita.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mdogo wake marehemu, Yonasi, ndiye aliyeshika uongozi wa kikundi cha ngoma. Alikuja na wanaume sita wa kikundi, nao wafuga chatu. Wakakaa uani, wakazunguka weee, mwisho wakafika walipotaka kufika: nyoka hataki kushikwa na mwanamke, ndiyo maana anaumwa. Amtoe.

"Baba mdogo," Marita akasema, "huyu simtoi. Nataka kujua anaumwa nini."

Wakamwambia hana adabu. Akawaacha waseme.

Walipoondoka, akakaa mbele ya sanduku la Kabula akajiuliza nini kimebadilika tangu baba afe. Chakula kile kile, kuku. Maji yale yale. Sanduku lile lile.

Matandiko.

Baba yake alikuwa akitandika magazeti. Baada ya msiba, Yonasi mwenyewe ndiye aliyeleta gunia la maranda ya paini kutoka kwa mafundi seremala, laini, yananukia, ili nyoka wa kaka yake alale pazuri.

Marita akaingiza kichwa sandukuni, akavuta pumzi. Dakika mbili hazikuisha. Macho machozi, koo linawasha. Na Kabula alikuwa amelala humo wiki tatu.

Akayamwaga yote.

Kwanza akajaribu maganda ya kahawa kutoka Itaka. Akaharibu. Maji yalimwagika, siku ya tatu ukungu mweupe kila mahali. Nayo akayatupa. Akarudi kwenye magazeti, akawa anaomba yaliyokwisha kusomwa na mawakala wa forodha, ya Tanzania na ya Zambia yamechanganyika, anabadilisha kila yakilowa. Chupa za maji ya moto akazifunga kwenye kanga, akaziweka pembeni ya sanduku.

Bwana mifugo alikuja, akasema wazi kwamba yeye amezoea ng'ombe. Akachoma sindano huku Marita ameshika kichwa cha Kabula. Akasisitiza: pawe pakavu, pa joto, pasiwe na vumbi wala harufu kali.

Wiki ya tatu baada ya sindano Kabula akafunga mdomo. Ya tano akameza kuku.

Jumapili moja Yonasi akaja peke yake, amebeba sanduku lililofunikwa shuka. Ndani, chatu wake mwenyewe. Mdomo wazi, mapovu puani. Chini yake, maranda ya paini.

Alishindwa kumtazama Marita usoni. Akaomba amsaidie, na jambo hilo liishie kati yao wawili.

"Nyoka nitamsaidia sasa hivi," Marita akasema. "Kunyamaza, hapana. Mlinisema mbele ya watu, baba mdogo. Na hili litasemwa mbele ya watu."

Akalisema jioni ile mazoezini, Yonasi amesimama pale pale. Wanaume wawili wakaaga kabla ngoma haijapigwa, wakawahi nyumbani kumwaga maranda.

Ndugu zangu, mnyama wako akiugua, chungulia kwanza anapolala. Na wewe dada, ukiambiwa tatizo ni kwamba u mwanamke, kaa hapo hapo uendelee kuchunguza.