Wimbo Ambao Dada Hakuuimba

Nikipita Korogwe na kusikia harufu ya mkonge mbichi unaosagwa, namkumbuka dada yangu mstarini shuleni. Shule yetu ilipakana na kiwanda cha mkonge kilichokuwa kimebinafsishwa. Nyumbani tulifundishwa kuwa sifa ni za Mungu, si za bendera, hivyo tusiimbe wimbo wa taifa.

Asubuhi hiyo mwalimu mkuu alisimamisha wimbo wa taifa akaja mbele yangu na dada, akamwangalia yeye kwanza.

“Imba, au urudi kwenu.”

“Samahani mwalimu, siwezi,” dada alijibu.

“Na wewe?”

Niliimba, tena kwa sauti, mpaka ubeti wa mwisho.

Dada alifukuzwa shule. Aliishia Mombo, akiwauzia abiria mahindi ya kuchoma madirishani mwa mabasi. Baba hakunigombeza. Ila tangu jioni ya siku ile ya wimbo hakuniita tena kusali na familia.