Mama Alipokwenda Kuangalia Judo

Kwa Mama, judo ilikuwa upuuzi. "Nimzae, nimlee, halafu watu wambwage chini mbele yangu nipige makofi? Thubutu!" Alikuwa akiyasema hayo dukani kwetu Makole, Dodoma, miaka ile ya ruksa biashara zilipofunguliwa, vitenge na vyombo vimejaa hadi mlangoni. Mdogo wangu, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa Dar es Salaam, amevaa koti jeupe la mkanda, anarushana na wenzake.

Basi mdogo wangu akachaguliwa timu ya taifa, na mashindano baina yetu na nchi jirani yakawa yanafanyika hukohuko Dar. Mama akakubali twende, lakini kwa sharti. Akiwa bingwa, abaki na judo yake. Akishindwa, tunarudi naye Dodoma akasimame dukani. Mdogo wangu akaitikia. Mimi nikaomba Mungu ampe nguvu, maana mtu mwenyewe hata kupima kitambaa hajui.

Jamani, ule mchezo mtamu! Wanaanza kwa kuinamiana kwa adabu kama wakwe, kisha wanakamatana makola. Anayerushwa anapiga mkeka kwa kiganja, paa! Mama akashika kifua: "Kavunjika!" Nikamwambia hajavunjika, ndivyo wanavyofundishwa kuanguka. Haukupita muda nikamsikia anawaeleza waliokaa nyuma yetu, tena kwa kujiamini, utadhani amezaliwa na mkanda mweusi kiunoni.

Mdogo wangu akawashinda wote aliopangiwa mwanzo. Mwisho akabaki na kijana mmoja wa Zambia, mabega mapana, mpole wa uso. Hawajashikana sana, mdogo wangu akamzungusha, yule akadondokea ubavu. Mwamuzi akanyoosha mkono. Nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka! Sikujua kwamba ile ilikuwa pointi tu, pambano linaendelea. Mama ndiye hakujua kabisa. Alishateremka ngazi, anavua khanga ya mabegani aitandike chini mwanawe apite juu yake, kama tunavyowatandikia maharusi kwetu.

Akainama kuinyoosha, ameupa mkeka mgongo. Hapo hapo Mzambia akamlaza mdogo wangu chali, akambana. Mdogo wangu alirusha miguu, akajipinda, wapi! Kengele ikalia, ukumbi ukalipuka. Mama akadhani kelele ni zetu, akazidi kunyoosha pembe za khanga.

Wachezaji wakainamiana, kila mmoja akatokea upande wake. Na upande aliotandika Mama ulikuwa wa Mzambia.

Kijana akasimama mbele ya khanga, jasho linamtiririka, hajui afanye nini. Akafanya alichofundishwa: akaiinamia. Mama akainua uso, akaona siye. Huku juu nilitamani ardhi inimeze. Mama akageuka, akamtafuta mwanawe, akamwona ng'ambo ya mkeka, mzima kabisa, ameshika mbavu kwa kicheko. Nikamwona Mama anashusha pumzi. Kisha akamgeukia yule kijana, akamwonyesha khanga kwa mkono.

"Pita, mwanangu, pita! Nawe una mama yako!"

Akapiga kigelegele kilichosikika ukumbi mzima. Kijana akapita miguu mitupu, polepole, watu wamesimama wanashangilia, wa kwetu na wa kwao. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema. Mama akaikung'uta ile khanga, akampa ampelekee mama yake.

Jioni tulikuwa kwa shangazi, tunakula. Mdogo wangu akaingia na begi lake la nguo, akaliweka mlangoni. Hakununa wala hakubembeleza.

"Shikamoo, Mama. Niko tayari. Tunaondoka asubuhi?"

Mama akaendelea kutafuna.

"Uende wapi?" akasema. "Nikakae dukani na mtu aliyebwagwa na Mzambia, wateja waniulize nini? Rudisha begi lako, kesho uende mazoezini. Mwakani umbwage, na mimi nataka kuona kwa macho yangu."