Joto la Nyuma ya Msikiti

Nilirudi Bongwe baada ya kuhangaika na vibarua hadi Vanga, nikafikia kwa dada yangu mkubwa. Njia nzima nilikuwa nikiwaza bustani yake ya kunde, ileile tuliyokuwa tukiimwagilia na marehemu mama kwa ndoo. Siku hizi aliimwagilia kwa maji ya kisima cha msikiti, yanayopandishwa tangini kwa pampu ya sola.

Nilikuta bomba likidondosha matone, kunde zimelegea. Nyuma ya msikiti kibanda cha mabati kilikuwa kikivuma kama mzinga wa nyuki. Dada aliniambia mle ndani mna mashine za kijana mmoja kutoka bara, zinazochimba sarafu za mtandaoni mchana kutwa. Kijana aliiomba kamati ya msikiti umeme unaobaki tangi likishajaa, basi. Lakini mashine zake zilikuwa zikiwashwa tangu asubuhi, pampu ikaachiwa makombo. Wingu likipita, inazima.

Nikamwendea kijana. Akanipa shikamoo kwa adabu.

"Mzee, hii ni safi kabisa. Sichomi dizeli. Ni jua tu, na jua haliishi."

"Na maji?"

"Hayo ongea na kamati."

Nikamkuta mwenyekiti wa kamati msikitini.

"Mwanangu, jambo hili tulilisomea Fatiha. Ni la mwaka mzima. Nani atalivunja?"

"Si yeye ameshalivunja?"

"Anasema sola ndizo dhaifu. Mimi nitajuaje?"

Juu yetu feni mpya zilikuwa zikizunguka. Kijana ndiye aliyezileta. Upepo wake ulikuwa mtamu, nami nikakaa chini yake mpaka jasho likakauka.

Dada aliposikia nilikotoka alicheka. "Nani kakutuma? Wewe wiki ijayo utakuwa na begi begani. Mimi ndiye nitakayebaki nikiamkiana nao."

Begi lenyewe sikuwa nimelifungua.

Asubuhi yake alichuma mboga zote za kunde zilizokuwa bado na ukijani, kabla hazijafia shambani. Akatandika jamvi nyuma ya kile kibanda, kwenye tundu ambalo mashine hutemea joto lake, akazianika.

"Maji wametunyima," alisema. "Basi watukaushie mboga."

Kufikia adhuhuri zilikuwa zimekauka, zinavunjika mkononi. Nilimshikia gunia akizitia. Bustani nzima haikulijaza hata nusu.