Bahari Iliyokuja kwa Chupa

Mjukuu wangu mmoja amechukua mkopo ili aende kulala karibu na bahari siku nne. Siku nne! Alikuja kuniaga, akanionyesha picha ya kitanda kwenye simu, kana kwamba mimi sijawahi kuona kitanda. "Shosho, lazima mtu apumzike," akasema. Nikamuuliza amechoshwa na nini, akacheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama nikamwona babu yake, kichwa kile kile, na nikaamua niandike habari hii, kwa sababu hawa ukiwaambia kwa mdomo inaingia sikio hili inatokea lile.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, mambo ya Hali ya Hatari ya wakoloni yalipokuwa yamepoa na mtu akaweza kusafiri bila kushushwa njiani. Tulikuwa tunakaa Nakuru kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja, mlango wetu ukitazamana na wa jirani. Mume wangu alikuwa anapaka mabehewa grisi. Kila mwaka alipewa likizo pamoja na pasi ya treni, yake na yangu, mwende mnakotaka. Wenzetu waliitumia kwenda kwao kulima. Sisi kwetu kulikuwa Dundori, hapo juu tu, na treni haipandi Dundori. Basi pasi yetu ilikuwa inakufa kila mwaka bila kutumika, na hilo lilikuwa linamkereketa mwenzangu kuliko jino bovu.

Huko Dundori alikaa mama yake, kwenye shamba la mzungu, akichuma maua ya pareto. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimeoza. Dundori si mahali pa kuchezea mvua, baridi ya huko inaingia hadi kwenye mfupa. Kwa hiyo mwaka mzima tuliweka pesa kwenye mkebe wa majani chai tumnunulie mabati. Mabati ni mali. Hata mzungu akikufukuza unayang'oa, unahama nayo. Wakati wa kiangazi mume wangu alipanda huko mwenyewe, akamwambia, "Mama, mwaka huu usikate nyasi. Naleta mabati kabla ya mvua." Mama akaamini. Wenzake walipoenda kukata nyasi za kuezekea, yeye alikaa mlangoni akiwapungia mkono. "Kateni nyinyi," akawaambia. "Mimi naezekewa na mtu wa reli."

Sasa, mkubwa wa mume wangu kazini, mzungu, alikuwa anaenda pwani kila mwaka. Anarudi mwekundu kama nyanya, pua inambabuka ngozi, halafu anasema amepumzika. Mume wangu aliitazama hiyo pua mpaka akaitamani.

Jioni moja akaketi, akakohoa kwanza. Mtu akikohoa kwanza ujue kuna ujinga unakuja.

"Mama watoto, mwaka huu ile pasi tunaitumia. Tunaenda Mombasa."

"Kufanya nini?"

"Kuona bahari."

"Mkishaonana?"

"Tunapumzika."

"Hata hapa unaweza kupumzika. Si umekaa kwa kiti?"

"Treni ni bure, mama watoto. Bure!"

Neno hilo ndilo lililommaliza. Nimeona watu wengi wakifilisika kwa kufuata kitu cha bure. Treni ilikuwa bure, lakini kitanda cha Mombasa si bure, chakula cha Mombasa si bure, na akasema haiwezekani mtu aende mbele ya bahari na shati la grisi, kwa hiyo kukawa na shati jeupe.

"Na mabati?" nikamuuliza.

"Mabati hayana miguu. Yatangoja dukani."

"Na mvua, itangoja wapi?"

Akainuka, akachukua mkebe. Nikamwambia kama ni maji ya chumvi anataka, ashuke hapo ziwani, yapo, na ndege wa kuangalia wapo, na hatalipa senti. Akasema mimi sina macho ya mbali. Nikamwambia macho yangu yanafika Dundori, na hapo panatosha. Alienda peke yake. Pasi yangu ikafa kama kawaida yake.

Mvua ilianza akiwa huko.

Alirudi na shati lake jeupe likiwa limekuwa la rangi ya chai, mkebe mtupu, na chupa moja ya maji iliyozibwa kwa kigunzi cha mahindi. Eti bahari. Watu wa landi wakajaa mlangoni kwangu kama wamekuja kuona maiti. Akawasimulia: bahari haina ng'ambo, unatazama mpaka macho yanachoka, na inapumua kama mnyama. Jirani yule wa mlango unaotazamana na wetu, mwanamke asiyekuwa na breki mdomoni, akasema, "Hebu nionje." Akamiminiwa kidogo kwenye kiganja. Akaonja, akatema hadi nje.

"Jirani, kwani huko hakuna bomba?"

Landi nzima ikaangua kicheko. Yeye akaziba chupa yake polepole. "Ni dawa ya tumbo," akasema. "Nampelekea mama."

Kesho yake tukapanda Dundori na lori lililokuwa linaenda kuchukua viazi. Mvua ilitunyeshea njia yote. Mama alitoka mlangoni akafurahi, kisha akatazama nyuma yetu. Akatazama tena.

"Yanakuja na lori lingine?"

Mume wangu akampa chupa kwa mikono miwili. "Nimekuletea bahari, mama."

Mama aliiinua akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Aliuliza tu, "Hii ndiyo mabati?"

Tukaingia. Ndani kulikuwa na sufuria tatu, moja tu jikoni, mbili zikikinga matone. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye kona ya mwisho iliyobaki kavu. Mama akachukua chombo cha chumvi atie kwenye mboga, akakuta chumvi yote imeyeyuka kwa maji ya paa. Akang'oa kigunzi cha chupa, akachovya kidole, akaonja, akamimina bahari ndani ya mboga.

"Mama!" mume wangu akasema.

"Si umesema ni ya tumbo?"

Tukala. Tone likaanguka katikati ya sahani ya mume wangu. Hakuisogeza.

"Imekolea," mama akasema. "Chumvi ya bei hiyo lazima ikolee."

Mtaniuliza kama likizo ya pesa nyingi inafaa. Mpaka alipokufa, mzee wangu alisimulia bahari, kwamba haina ng'ambo. Sawa. Na mvua ya Dundori ilikuwa na ng'ambo? Kupumzika ni kwa mtu ambaye hakuna anayelowa kwa sababu yake. Huyo mjukuu wangu, kabla ya kufunga sanduku, aangalie kwanza paa la mama yake.

Mabati tuliyanunua mwaka uliofuata. Lakini mwaka ule wa bahari likizo yake ilikuwa bado haijaisha, na siku zilizobaki mume wangu alizimalizia juu ya paa. Alizunguka kwa wale wanawake wa pareto akiomba nyasi zilizosalia na magunia makuukuu, nao wakampa huku wakimuuliza kama reli imesahau kuezeka. Alipanda na shati lile lile la Mombasa, maana hakuwa na lingine kavu. Mama alisimama chini na shuka kichwani, akimwonyesha palipovuja.

"Mwanangu," akamwita, "kutoka hapo bahari inaonekana?"

Yeye akaomba arushiwe kamba nyingine.