Maharage ya Kuhesabia Samaki

Enzi zetu sisi, huku kwetu mlimani samaki alikuwa haliwi. Alikuwa anahesabiwa. Mnacheka? Waulizeni wenzangu wa rika langu walioko Kirua Vunjo, wale ambao bado wana meno ya kusemea. Mtu wa kihambani, wa migomba na kahawa, ale samaki? Bibi yangu akisikia tu harufu yake alikuwa anabana pua na kusema, "Huyo si nyoka aliyevalishwa magamba? Akiingia kwenye chungu changu, chungu nakivunja na aliyemleta namvunja!" Leo wajukuu zangu wanashuka mpaka Kiboriloni kununua samaki wa kukaanga, wanarudi wanalamba vidole, wananiambia, "Bibi onja, ina protini hiyo." Nawaambia hiyo protini yenu nilikuwa naihesabu mimi kabla mama zenu hawajaota jino la kwanza.

Nyumbani kwetu palikuwa upande wa chini wa Kirua, pale migomba inapoanza kupungua na mashamba ya mahindi yanapoanza. Mto unapita chini ya kihamba chetu. Masika yakianza tu, maji yakibadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa, samaki wanatoka huko tambarare wanapanda. Kuyu. Samaki mrefu, tumbo la njano, ana videvu viwili vitatu kama katekista wetu. Wanapanda kwenda kutaga kwenye changarawe za juu, na pale kwetu palikuwa na mstari wa mawe umekatiza mto, lazima waruke. Ukikaa juu ya jiwe asubuhi unawaona, pwa! mmoja, pwa! mwingine, na jua linawapiga ubavuni wanang'aa kama vijiko vya misheni.

Sasa pale pale kwenye mawe ndipo ulipokuwa mdomo wa mfongo wetu. Mnajua mfongo, ule mfereji waliochimba babu zetu kuleta maji mashambani. Na mkuu wa mfongo alikuwa babu yangu mzaa baba, Babu Kimambo. Ndiye mwenye fimbo ya mfongo. Yeye akisema fungua, unafunguliwa. Akisema funga, unafungwa kwa mawe na magogo ya migomba, na hakuna mtu wa kugusa hata jani. Na sheria ilikuwa hivi: samaki wakipanda, mdomo unafungwa mpaka waishe, kwa sababu wakikuta umefunguka wanageukia huko, wanadhani ndio mto, wanakuja kufia kwenye migomba ya watu. Watu wa tambarare walikuwa wanakula hao samaki, na watoto wa samaki hao ndio waliokuwa wanawashukia mwaka unaofuata. Wao walikuwa wanatuletea magadi sokoni, sisi tunawapa ndizi. Utampaje mtu ndizi na huku umemuulia chakula chake?

Kaka zangu walipelekwa misheni kusoma. Mimi nikaachiwa mto. Sikulia hata kidogo, nasema ukweli. Wao walikuwa wanarudi na alama za fimbo mgongoni, mimi narudi na kibuyu.

Babu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anaongea polepole, ugoro puani, kila maneno matatu anasimama kupiga chafya. "Manka... samaki akiruka... hachii! ...tia harage moja kwenye kibuyu. Akianguka... akarudi chini... toa harage. Usimhesabu mara mbili. Samaki anayejaribu... hachii! ...si samaki aliyefika." Basi hiyo ndiyo shule yangu yote. Sikujua mia wala elfu. Nilihesabu kwa viganja: maharage matano, kiganja kimoja. Na siku mbili zikifuatana ambazo samaki hawajafika kiganja, ndiyo wameisha, mfongo unafunguliwa.

Na maharage yenyewe yalikuwa ya mama, ya mbegu. Kuhesabia samaki hakuyapunguzi, si ndiyo? Samaki wakiisha mama anakuja na jembe, tunayapanda. Tulikuwa tunakula hesabu yetu ikishaiva. Hakuna mtoto wa siku hizi aliyewahi kula hesabu yake, wao hesabu inawala wao.

Raha nyingine zote zilikuwepo. Tulikuwa tunateleza kwenye kilima juu ya magogo ya migomba mpaka nguo zinaisha nyuma, tunarudi nyumbani tunatembea kinyumenyume ili mama asione. Tulikuwa tunaiba kiburu cha ndizi na maharage kwenye chungu, tunaungua vidole. Lakini masika, wenzangu wakiniita kucheza rede, nilikuwa nawajibu kwa sauti ya Babu, "Nina... hachii! ...kazi." Wanaanguka chini kwa kicheko.

Ikaja masika moja, nilikuwa nimeshaanza kuota haya matiti yaliyokuja kunyonyesha watoto wanane. Mvua ilinyesha vizuri, watu wakapanda mahindi, samaki wakaanza kupanda. Halafu mvua ikakata. Ikakata kama mtu aliyefunga mlango. Siku ya tano mahindi yalijikunja majani. Siku ya nane yalikuwa yamejisokota kama sigara za askari wa mkoloni. Na mfongo umefungwa, na maji mtoni yanapita watu wanayaona.

Wakaja wanaume uani kwetu. Mbele yao Mzee Elisaria, jirani yetu, yeye nilikuwa namwita baba mkubwa. Mtu wa sauti kama debe tupu, hata akikusalimia unadhani umeiba. "Meku!" anamwambia Babu, yaani mzee, "Meku, tunangoja nini? Samaki ana shamba? Samaki ana watoto wa kulisha?"

Babu anapiga chafya. "Anao. Ndiyo anakwenda... kuwazaa."

"Sisi hatuli samaki!"

"Na wao hawali mahindi yako."

Watu wakacheka kidogo, lakini kicheko cha njaa, hakikai. Elisaria akasema mbele ya wote, "Basi sikiliza Meku. Mahindi yakifa, hiyo fimbo utaiweka chini. Tutampa mtu mwingine." Baba yake Babu alishika fimbo ile, na babu yake. Babu akaitazama, akasema, "Nitaiweka. Kesho jioni njooni, Manka atamwaga kibuyu."

Mimi!

Asubuhi yake nakwenda mtoni, mama akanifuata mpaka kwenye migomba. Mama alikuwa mtu wa kuongea chini chini, kama anayepekua nguo za mwenzake. Akanishika mkono. "Manka, mwanangu. Mahindi yangu ya chini yanakufa. Na maharage yangu umeyashikilia wewe. Wakiwa wachache leo, wewe sema tu hawafiki kiganja, na kesho hivyo hivyo. Nani atajua?"

Nikaenda nikakaa juu ya jiwe langu kutwa nzima. Jamani, sikuwahi kuwaombea samaki wachelewe njiani kama siku ile. Nikawaambia, "Pumzikeni, laleni huko chini." Pwa! Mmoja anapita. Nikatia harage. Pwa! Mwingine anaanguka, naruka kwa furaha natoa harage. Anarudi tena huyo huyo, tumbo limejaa mayai, anaruka, anapita. Nikamtazama anavyopumua kwenye maji ya juu, mashavu yanapanda yanashuka kama mama akitoka kuchota maji kwenye mlima. Nikatia harage.

Jioni watu wakajaa uani. Mama amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kwenye kanga. Nikamwaga kibuyu juu ya jani la mgomba. Nikapanga. Viganja vitatu na vidole viwili. Sikumwangalia mama. Nikasema, "Bado wanapanda."

Elisaria akatema mate pembeni. "Tunatawaliwa na mtoto na maharage!" Akaondoka. Mama akaingia ndani akafunga mlango, kwa utulivu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Angenichapa ningelala vizuri.

Kesho yake kumepambazuka tu nimefika mtoni, natazama, maji chini ya mawe yamepungua. Nageuza shingo: mdomo wa mfongo uko wazi, magogo yametupwa kando. Nikakimbia kufuata mfongo, nikakimbia, na kabla sijafika nikasikia mke wa Elisaria. Huyo mama alikuwa na sauti ya juu kabisa, kama mlango usiotiwa mafuta. "Yesuuu! Kihamba kimeingiwa na nyoka! Njooni! Nyoka wana ndevu!"

Kuyu wamejaa kihamba kizima. Wanaruka kwenye mashina ya migomba, wanaruka kwenye kahawa, wanaruka chini ya ng'ombe, ng'ombe anapiga mateke. Mmoja amelala kizingitini kama mgeni aliyekuja posa. Na Mzee Elisaria katikati, jembe mkononi, hajui akimbilie wapi, maana hawezi kumshika samaki na mkono wake, ni mwiko, na hawezi kumwacha, ananuka.

Babu akaja taratibu na fimbo yake. Hakupiga kelele. Akasema, "Funga kwanza." Wanaume wakakimbia wakafunga mdomo. Halafu akasema, "Sasa, Elisaria. Warudishe. Kila aliye hai." Akanigeukia. "Manka, hesabu."

Hapo ndipo nilipoiona dunia. Mzee mzima, kavaa koti lake la Jumapili kwa sababu siku hiyo alitaka kwenda Moshi mjini, anaokota samaki kwa majani ya mgomba, uso kaugeuzia pembeni kama anamvua nguo mkwe wake, anawatia kwenye kapu lililotandikwa majani mabichi, anapanda nao mpaka mtoni. Na mimi nimekaa juu ya jiwe na kibuyu. Kapu la kwanza akawamwaga chini ya mawe.

"Hapana baba mkubwa," nikamwambia. "Hapo hawajapanda. Wapeleke juu."

"Kanajiona haka!" Akawachota tena. Akapeleka juu.

Kapu la tatu ananiambia, "Hawa kumi na tano."

"Kumi na wanne, baba mkubwa. Huyo mmoja umemdondosha amerudi chini. Samaki anayejaribu si samaki aliyefika."

Nilisema kwa sauti ya Babu. Sikukusudia, ilitoka yenyewe, na chafya juu. Watu wote kando ya mto walicheka mpaka wakashikana. Nikasikia kicheko kimoja nyuma yangu, cha chini chini, kama mtu anayepekua nguo. Nikageuka. Mama alikuwa amekuja na kapu lake, anamsaidia Elisaria kubeba. Aliweka samaki wake wawili juu ya mawe, akaninyooshea vidole viwili nitie maharage mawili.

Walifika hai viganja kumi na moja. Waliokufa walizikwa chini ya migomba ya Elisaria, na migomba ile ilizaa mikungu mikubwa ambayo mwenyewe hakuwahi kuisifu mpaka anakufa.

Siku mbili zilizofuata walipita watatu, halafu mmoja. Mfongo ukafunguliwa. Mahindi mengi yaliinuka, mistari ya chini ya mama ilikufa, siwafichi. Na jioni ile Elisaria akaja uani ameshika jani la isale. Nyie mnajua: mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na isale hairudishwi. Akamnyooshea Babu. Babu akaweka mikono nyuma. "Si kwangu. Mpe... hachii! ...mwenye kibuyu."

Mzee wa watu akainama. Akanipa mimi, msichana, kwa mikono miwili. Kaka zangu waliosoma walikuwa wamesimama pale, midomo wazi inaingia inzi. Mpaka leo nikiwakumbusha wanaaga mapema.

Sasa siku hizi za ruksa kila kitu kipo. Mitumba ipo, soda zipo, simu za mkononi, mtu anapanda juu ya kichuguu anapiga kelele "haloo, haloo" kama aliyepotelewa na mbuzi. Kahawa imeng'olewa, wamepanda nyanya, kila mmoja ana pampu yake mtoni, anafungua akitaka. Fimbo ya Babu iko kwangu, natembelea, maana hakuna aliyekuja kuiomba.

Masika yaliyopita wakaja vijana na gari, wa mradi. Wakasimika mti wenye mistari kwenye maji, na binti mmoja, suruali imembana mpaka nikamhurumia, kashika kidude cha chuma anabonyeza, ka! ka! ka! Ananiambia, kwa sauti ya Dar, "Shikamoo bibi. Sisi bwana tunafuatilia samaki wanaohama, yaani tunajua wangapi wanapanda kutaga." Nikasema marahaba, nikaenda nikachukua kibuyu changu, nikakaa kwenye jiwe langu. Jioni kidude chake kinasema ishirini na saba. Kibuyu changu viganja viwili na kidole kimoja.

"Bibi, wengi umewakosa."

"Mwanangu, wewe umehesabu wanaojaribu. Mimi nimehesabu waliofika."

Kesho yake alikaa karibu yangu, kila akianguka mmoja anaandika alama ya kufuta. Jioni tulilingana. Akaniomba mkono wangu akaubusu, na macho yangu yakaingiwa na vumbi, na mvua yote ile.

Zamani kibuyu kilikuwa kinajaa shingoni, namwaga, naanza tena. Mwaka huu masika nzima maharage yalienea kwenye mikono yangu miwili, na bado ningeweza kushika fimbo. Nimeyapanda nyuma ya nyumba, yameota yote. Ni machache. Lakini kila moja ni samaki aliyefika, na hakuna mtu kutoka hapa mpaka tambarare wa kuniambia nimekosea hata mmoja.